Nimeangalia filamu ya Mozart, sasa nauliza kuhusu kijana wa besi kwenye kwaya yangu

Fundi wa Majengo

Tumsifu Yesu Kristo, na habari zenu wote.

Naanza na swali lenyewe ili asiye na muda wa kusoma yote anijibu: kijana mwenye kipaji cha kutunga, ambaye hajawahi kukaa darasa lolote la muziki, umfundishe kanuni za sauti nne au umwache aende anavyosikia? Na kama mwalimu anajua wazi kwamba kipaji chake ni kidogo kuliko cha mwanafunzi, amfundishe nini?

Mimi ni fundi cherehani, nashonea Majengo karibu na soko, na kwa miaka mingi nimefundisha kwaya kwenye kigango kimoja upande wa Miyuji. Binti yangu anasoma UDOM (Chuo Kikuu cha Dodoma). Juzi alikuja na kompyuta yake akasema, baba, kuna filamu ya zamani, naona ilitengenezwa kwa ajili yako. Ni Amadeus ya mwaka 1984, iliyoongozwa na Miloš Forman, ikapata Oscar 8. Tuliangalia toleo refu la mwaka 2002, lenye urefu wa kama saa tatu. Mama yao alikwenda kulala mapema, mimi na binti tukabaki hadi mwisho, na usiku ule sikupata usingizi.

Kwa asiyeijua: anayesimulia ni Antonio Salieri, mtunzi wa nyumba ya Kaizari Joseph II pale Vienna. Amezeeka, yuko hospitali ya wagonjwa wa akili, anamweleza padri kijana jinsi alivyomchukia Mozart. Akiwa mtoto alimwahidi Mungu usafi wake, bidii yake na unyenyekevu wake, ili naye apewe muziki wa kumtukuza. Akafanya kazi, akapanda cheo. Kisha anatokea kijana kutoka Salzburg, mwenye kicheko cha ajabu na mdomo mchafu, na muziki wote ambao Salieri aliuomba kwa magoti umekaa kichwani mwa huyo kijana.

Pale Salieri anapoutia msalaba motoni niligeuza uso, sikuweza kutazama. Lakini ombi lake la utotoni mimi sina la kulilaumu, maana ndilo ombi langu. Nani anayetunga wimbo wa matoleo asiyetamani uimbwe hata baada ya yeye kuzikwa?

Kuna sehemu Mozart anakaribishwa kwa Kaizari. Salieri ametunga wimbo mfupi wa kumpokea, ameuhangaikia, na amemshukuru Mungu kwa kumpa wimbo huo. Mozart anausikia mara moja tu, anakaa kwenye kinanda, anaupiga wote bila kutazama karatasi. Anafika mahali anasema hapa hapajakaa sawa, anabadilisha, anabadilisha tena, na wimbo wa mwenzake unageuka kuwa kitu kingine mbele ya watu wote. Hapo nilimwambia binti yangu asimamishe.

Nieleze kwa nini. Nina kijana wa besi (sauti ya chini ya wanaume), bado hajafikisha miaka ishirini, anashinda gereji ya pikipiki Nkuhungu. Hajasoma muziki popote. Nota anaziandika kwenye daftari la shule kwa herufi za sol-fa, d r m f (do, re, mi, fa), bila mistari ya kugawa mapigo, ila ukimwambia aimbe anachokiandika, mapigo yote yapo. Mwezi uliopita tulikuwa tunafanya mazoezi ya wimbo wangu wa shukrani, wimbo ambao kigango kizima kinaujua. Mwisho wake ni "Amina", besi wanashuka kutoka s hadi d, tumemaliza. Siku hiyo yeye hakushuka. Wenzake walipokwenda d yeye akapanda l, akaenda f, akarudi s, ndipo akaingia d, na kwa kuwa nafasi haikutosha akaimba "Amina" ya pili peke yake. Wote walinyamaza. Nilidhani anatania, nikamwambia arudie. Akarudia vilevile. Nikawaambia soprano washike m pale anapopanda l, na watu wa tena (sauti ya juu ya wanaume) waungane naye kwenye l. Tulipoimba wote, mwenyekiti wa kwaya, mzee asiyesifia kitu, akasema tuimbe hivyo Jumapili.

Nimetunga nyimbo nyingi. Ule mwisho ni mzuri kuliko chochote nilichowahi kuandika, na yeye aliufanya amesimama, mikono ina grisi.

Kwa hiyo filamu ile haikuwa hadithi ya Vienna kwangu. Ila sehemu iliyonigusa zaidi ya zote ni ile ya kuelekea mwisho. Mozart yuko kitandani, anakufa, Misa ya wafu haijakamilika. Salieri amekaa miguuni pa kitanda na kalamu. Mozart anamtajia: anaanza na besi, pigo la ngapi waingie, nota gani. Kisha sauti ya tena. Kisha trombone, tarumbeta na ngoma. Nyuzi za fidla mwisho. Salieri anamwambia taratibu, sijaelewa, unakwenda haraka. Kila mwalimu wa kwaya anaijua kazi hiyo kwa mikono yake, maana ndivyo tunavyofundisha: besi waketi kwanza, watu wa tena wapande juu yao. Halafu ghafla tunasikia sauti zote pamoja, Confutatis, sehemu mojawapo ya Misa hiyo, wanaume wanapiga kelele za motoni, na baadaye wanawake wanaingia taratibu sana na "Voca me". Tazameni uso wa Salieri anapoelewa. Mtu aliyechukia filamu nzima, kwa dakika hizo chache ni mwandishi tu wa mwenzake, na ana furaha.

Najiuliza nafasi yangu ni ipi. Nikimfundisha kijana huyu kanuni ninazozijua (sauti mbili zisitembee pamoja kwa umbali wa nota tano, usivuke sauti, malizia hivi), naogopa kesho ataandika nyimbo kama zangu. Nisipomfundisha, hawezi kuandika kitu ambacho kwaya nyingine itaweza kukisoma. Walimu wenzangu na wapenda muziki, nisaidieni.

---

Mstaafu wa Bihawana

Milele na milele, amina, Mwalimu. Nimesoma andiko lako mara mbili.

Mimi nilifundishwa kinanda seminarini, baadaye nikafundisha shule za sekondari mkoa huu hadi nilipostaafu. Filamu hiyo naipenda sana, lakini Salieri wa kwenye filamu na Salieri wa kweli ni watu wawili, na kwa swali lako yule wa kweli ndiye atakayekufaa.

Alizaliwa Legnago, Italia, mwaka 1750. Wazazi wake walifariki akiwa bado kijana mdogo. Mtunzi mmoja aitwaye Florian Gassmann alimchukua mwaka 1766, akaenda naye Vienna, akamlea na kumfundisha bila malipo. Salieri hakusahau. Gassmann alipofariki aliwaangalia binti zake, na alipokuwa mtu mzima mwenye cheo naye akawa anafundisha wanafunzi wengi bure. Nani alipita mikononi mwake? Beethoven. Schubert, akiwa bado mvulana. Liszt, akiwa mtoto. Na huyu wa mwisho usikie vizuri: mtoto mdogo wa Mozart mwenyewe, Franz Xaver, aliyezaliwa Julai 1791, miezi michache kabla ya baba yake kufariki. Mama yake angempeleka kwa mtu anayeaminika kumuua mumewe?

Ile habari ya usafi nayo ni ya filamu tu. Salieri alioa mwaka 1775 na akapata watoto wanane.

Uvumi kwamba Salieri alimuua Mozart kwa sumu ulienea Salieri alipokuwa mgonjwa uzeeni. Mwandishi wa Urusi, Pushkin, akauandikia tamthilia mwaka 1830, na mwaka 1979 Peter Shaffer akaandika tamthilia ambayo ndiyo ilizaa filamu hii. Lakini tunayo barua ya Mozart mwenyewe kwa mke wake, ya tarehe 14 Oktoba 1791. Anaeleza kwamba jana yake alimchukua Salieri kwa gari la farasi kwenda kuona opera yake mpya, na kwamba Salieri alisikiliza kwa makini tangu mwanzo hadi mwisho, akisifia kila wimbo. Unaisoma na unaona Mozart amefurahi kweli. Wiki saba baadaye alikuwa amekufa, ana miaka 35.

Sasa kuhusu kufundisha. Filamu inaonyesha karatasi za Mozart hazina hata alama moja ya kufuta. Watu wanaipenda picha hiyo, na mimi naona inawadhuru vijana. Karatasi zake za rasimu zipo, alizianza kazi akaziacha, alibadilisha. Zile kwateti sita (kazi za vyombo vinne vya nyuzi) alizomtolea mtunzi mwenzake Haydn, zilizochapishwa mwaka 1785, yeye mwenyewe aliandika kwamba ni tunda la kazi ndefu na ngumu. Na tangu utotoni alikuwa na mwalimu ndani ya nyumba: baba yake Leopold, mtu aliyeandika kitabu kizima cha kufundisha fidla, kikachapishwa mwaka uleule mtoto alipozaliwa, 1756. Je, Leopold alikuwa na kipaji cha mwanawe? Hata robo hakuwa nacho. Lakini alimfundisha.

Hata ile sehemu ya kitandani uliyoipenda haikutokea na Salieri. Kwenye Confutatis Mozart aliacha sauti nne za kwaya na mstari wa besi, pamoja na vidokezo vya vyombo, wengine wakajaza. Kazi nzima ilimaliziwa na Süssmayr, kijana aliyekuwa akimsaidia.

Nikushauri kitu kimoja. Mpe kijana wimbo wa Ave verum, ile ya K. 618 (namba yake katika orodha ya kazi za Mozart). Mozart aliiandika Juni 1791 alipokuwa Baden, mji mdogo karibu na Vienna ambako mke wake, akiwa mjamzito, alikuwa anatibiwa kwa maji ya moto. Alimwandikia Anton Stoll, mwalimu wa shule aliyekuwa pia mwalimu wa kwaya wa parokia, kwa ajili ya sikukuu ya Ekaristi. Yaani aliandika kwa kwaya ya watu kama wako, Mwalimu, na kwa mtu kama wewe. Ni baa 46 tu. Mwambie kijana aimbe besi peke yake mwanzo hadi mwisho, kisha aimbe sauti ya tena, kisha umuulize besi na tena wanakutana wapi na wanaachana wapi. Kanuni zote unazotaka kumfundisha zimo humo, na hutahitaji kumkataza chochote.

---

Tena wa Kisasa

Mimi napinga. Mwacheni kijana.

Washeni redio Jumapili asubuhi msikilize nyimbo kumi za kwaya mfululizo. Mwisho wake mmoja, mapigo ya kinanda mamoja, tena wamepewa nota tatu wanazizunguka hadi wimbo uishe. Nimeimba tena tangu kidato cha kwanza, najua ninachosema. Hiyo yote ni kazi ya watu waliofundishwa kanuni na wakaziogopa. Huyo kijana alipanda l kwa sababu hakuna aliyewahi kumwambia haifai. Mkishamwambia, hatapanda tena.

---

Mama wa Chamwino

Mbukwenyi wote.

Mwalimu Fundi, nashukuru kwa kuandika. Mimi si wa nota, ni wa ngoma. Bibi yangu alipiga muheme, ngoma ya wanawake wa Kigogo, na mama yangu akapiga, na sisi mabinti tulianza kwa kukaa pembeni, ngoma ndogo katikati ya magoti, tunapiga sehemu ileile moja jioni nzima mpaka mkubwa aseme sasa sogea.

Naomba niwaambie ndugu zangu hapa, mnazungumza kama vile kuna njia mbili tu, kanuni au kuachwa. Kwetu mtoto hakuachwa hata siku moja. Alikuwa na kazi ndogo katikati ya watu wazima wanaojua, na alisahihishwa kwa jicho tu: ukitoka nje ya mwendo, yule mama wa jirani anakutazama, unarudi. Hakuna aliyekaa akaniambia pigo hili linaitwaje. Na wapo waliotoka pale wakawa wanabuni vitu ambavyo bibi hakuwa navyo, na bibi ndiye aliyekuwa wa kwanza kupiga vigelegele.

Mzee wetu Hukwe Zawose, mwanamuziki, alikuwa Mgogo wa huku Dodoma. Mwalimu Nyerere alimwita Dar es Salaam, baadaye akawa Bagamoyo kwenye chuo cha sanaa, akapeleka ilimba na zeze, ala zetu za asili, Ulaya na Japani. Alifariki mwaka 2003, na familia yake inaendelea kupiga. Ukisikiliza sauti yake, anashuka chini kabisa kisha anapanda kama mtu mwingine kaingia kuimba. Sidhani kama kuna kanuni za sauti nne zingemruhusu. Lakini msidhani hakuwa na sheria. Wagogo tunaimba kwa sauti nyingi toka zamani, na kila mtu anajua nafasi yake iko wapi juu ya mwenzake.

Kwa hiyo ushauri wangu, mchukue huyo kijana umlete Chamwino kwenye tamasha la muziki wa Cigogo. Akae karibu na wanaoimba, asikae mbali kwenye viti vya wageni. Halafu umuulize alichokisikia. Na samahani, naomba kuuliza: hiyo "Amina" ya kupanda l, umewahi kumuuliza yeye mwenyewe aliitoa wapi? Maana mmeongea sana juu ya Vienna na yeye yuko Nkuhungu hapo, hajahojiwa.

---

Fundi wa Majengo

Mama, shikamoo. Swali lako nimelibeba jana nikaenda nalo gereji.

Nilimkuta chini ya pikipiki. Nikamuuliza, ile Amina ulipanda l kwa nini? Akafikiri. Akasema, "Mwalimu, besi walikuwa wanafika nyumbani kabla ya soprano." Nikamwambia fafanua. Akasema anaona soprano bado wana kitu cha kusema, wanashika m, na besi wameshakaa chini, sasa nani anawasubiri? Akaona awapitishe njia ndefu ili wafike wote pamoja.

Nimeshona siku nzima nikiliwaza jibu hilo. Hakupanda kwa kutojua kanuni, ndugu yangu Tena wa Kisasa. Alikuwa anasikiliza sauti isiyo yake. Waimbaji wangu wengi, na nawapenda, wanasikiliza yao tu.

Mstaafu wangu, habari ya yule mwalimu wa Baden sikuijua kabisa, na Ave verum nimeiimba tangu nikiwa kijana. Nilidhani iliandikwa kwa ajili ya kanisa kuu fulani lenye vinanda vikubwa. Binti yangu naye aliniambia opera ya Don Giovanni kwenye filamu ilipigiwa ndani ya ukumbi uleule wa Prague ambako ilianza mwaka 1787, nikaona ndiyo hivyo, mambo yao yote ni ya kumbi za dhahabu. Sasa unanambia kazi nzuri kiasi hicho ilikwenda kwa mwalimu wa shule na kwaya yake ya parokia. Hilo limenipa nguvu kuliko Oscar zote nane.

---

Afisa Mdogo, Area D

Wazee wangu, shikamooni. Mimi niongezee la upande mwingine, maana naona mmelisahau.

Ile Misa ya wafu, kwenye filamu Salieri mwenyewe ndiye anayevaa kinyago na kwenda kuiagiza. Aliyeiagiza kweli ni bwana mkubwa mmoja, Franz von Walsegg, aliyefiwa na mke wake kijana Februari 1791. Alimtuma mtu bila kutaja jina lake, na alikuwa na tabia ya kununua kazi za watunzi, kuzinakili kwa mkono wake na kuzipiga kama zake. Desemba 1793 aliiongoza Misa hiyo hivyohivyo, wakati mjane wa Mozart alikuwa ameshaitolea nakala nyingine.

Sasa tuje huku. Wimbo wenye ile Amina mpya ukitoka kigangoni kwenu ukafika parokia nyingine, jina litakaloandikwa juu ni la nani? Nota zinatumwa kwa simu, kila mtu anapiga picha, jina linakatwa. Mwalimu, andika majina mawili juu ya karatasi: la mtunzi, na la aliyepanga mwisho. Na kama kijana ana nyimbo zake kwenye lile daftari, mpelekeni COSOTA, ofisi ya hakimiliki, akajisajili na kuzisajili mapema. Nimeona watu wakilia baada ya wimbo wao kurekodiwa na kwaya nyingine.

---

Tena wa Kisasa

Mwalimu, jibu la kijana limenigusa, nakiri kwamba huyo anajua anachofanya. Lakini msimamo wangu uko palepale: mkianza kumfundisha, anzeni na masikio, karatasi ije nyuma. Na mimi niko tayari kuja Jumamosi kuimba sauti ya tena. Nina usafiri.

---

Fundi wa Majengo

Karibu sana, saa kumi jioni, tutakuandalia kiti.

Nimeamua hivi. Jumamosi tunaanza Ave verum, na kijana ndiye atakayewafundisha besi wenzake, mimi nitasimama upande wa soprano na sitasema neno mpaka amalize. Nitamwekea mistari ya kugawa mapigo kwenye daftari lake, hilo tu kwa sasa, ili mwingine aweze kusoma. Kanuni nyingine zitakuja akikwama na kuniuliza mwenyewe. Tamasha la Chamwino nimeshamwambia, bosi wake wa gereji amekubali kumpa ruhusa. Wimbo wa shukrani nimeunakili upya leo, majina mawili juu, kama alivyosema kijana wetu wa Area D. Mwenyekiti wa kwaya ameuliza kwa nini jina la kijana limo, nikamwambia aimbe mwisho wa zamani halafu aimbe huu. Hakuuliza tena.

Nina ombi. Nakala yangu ya Ave verum ya sol-fa, do ikiwa D, mstari wa tena umefutika ukurasa wa pili. Mwenye nakala safi anitumie kabla ya Jumamosi, nitairudufu hapo Majengo.